Je, Wajua? Mfumo Upi Utangulie Kuwaka

Je, wajua kwamba kwenye kompyuta yenye Linux na Windows kwa pamoja, mara nyingi mwamuzi wa nani atangulie ni programu ndogo iitwayo GRUB? Ilianzishwa mwaka 1995 na Erich Boleyn. Huonyesha orodha ya mifumo, huhesabu sekunde, na usipobonyeza kitu huwasha ule uliowekwa kuwa chaguo-msingi.

Je, wajua kwamba GRUB huhesabu kuanzia sifuri? Wa kwanza ni 0, wa tatu ni 2. Anayeandika 3 akitaka wa tatu huletewa wa nne. Namba ina ubaya mwingine: orodha ikibadilika baada ya masasisho, namba ileile huweza kuangukia mfumo mwingine kabisa. Kwa maoni yangu, taja mfumo kwa jina lake.

Je, wajua kwamba kazi hii yote ya kupanga menyu inaweza kufanyika kwa kipanya? Grub Customizer, programu ya Daniel Richter, hukupa dirisha la kupanga orodha juu na chini, kubadili sekunde za kusubiri, hata kuweka picha nyuma ya menyu. Ndani yake unachagua mfumo mmoja wa kudumu, au uliotumika mara ya mwisho. Hili la pili linawafaa sana wanaogawana kompyuta moja nyumbani. Ila ujue kwamba huandika upya hati zilizomo kwenye /etc/grub.d, na ukiiondoa, mabadiliko yake hubaki.

Watumiaji wa openSUSE, mojawapo ya aina za Linux, kwa miaka mingi hawakuwa na haja nayo. Zana ya YaST waliyopewa pamoja na mfumo ilikuwa na ukurasa wa kazi hiyohiyo.

Je, wajua kwamba GRUB si peke yake, na kwamba rEFInd, programu ya aina hiyohiyo ya Roderick Smith, huonyesha mifumo kwa picha badala ya maandishi? Na kwenye systemd-boot, nyingine ya aina hiyo, herufi d peke yake hufanya mstari ulioangaziwa kuwa chaguo-msingi.

Je, wajua kwamba tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti tena mifumo mingine mpaka uiruhusu? Windows ikitoweka kwenye menyu, usikimbilie kudhani imefutika. Mara nyingi ipo palepale kwenye diski.

Je, wajua kwamba mwaka 2015 watafiti wawili wa Valencia, Hispania, waligundua kuwa kubonyeza kitufe cha kufuta nyuma mara 28 kulitosha kuruka nywila ya GRUB? Kasoro hiyo ilizibwa.

Kabla hujagusa chochote, nakili faili la /etc/default/grub mahali salama, na uwe na flashi yenye Linux inayowaka yenyewe. Menyu ikikwama, flashi hiyo ndiyo itakayokurudisha ndani.