Maneno Yaliyohukumiwa Arusha



Waalimu wetu huulizana: mtu akinena maovu juu ya kabila jingine, je, ametumia haki yake, ama amevunja sheria? Katiba ya nchi, ibara ya 18, yampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Nalo ni jema, maana asiye na ruhusa ya kunena hawezi hata kumshitaki mwenye kumwonea. Lakini mpaka u wapi? Jambo hili lilipimwa katika nchi yetu, mjini Arusha, mbele ya mahakama ya mataifa iliyowahukumu watu wa Rwanda.

Redio iitwayo RTLM ilianza kusikiwa Rwanda mwezi wa Julai 1993. Ilipendwa kwa nyimbo zake na mizaha. Na katikati ya mizaha Watutsi wakaitwa inyenzi, yaani mende. (Mzaha huingia nyumbani pasipo kubisha hodi.) Mwezi wa Aprili 1994 mauaji yalipoanza, redio ile ile ikataja watu kwa majina, na mahali walipo.

Tarehe 3 Desemba 2003 mahakimu waliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, walioianzisha redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Wakakata rufani. Mwaka 2007 mahakimu wa rufani wakasema ya kuwa maneno ya redio kabla ya tarehe 6 Aprili 1994 yalichochea chuki, walakini haikuthibitika kwamba yaliwaita watu waziwazi waliangamize kabila. Yaliyofuata ndiyo yaliyowaita. Kifungo cha maisha cha Nahimana kikawa miaka 30.

Wengine walinung'unika. Mimi naona mahakimu walifanya vema, kwa kuwa serikali imfungayo mtu kwa neno kali tu, kesho itamfunga na mwenye kuwakemea wakubwa. Hata hivyo mende wa Januari ndiye mende wa Aprili. Masikio yalikwisha kuzoezwa.

Basi huku kwetu, wakaapo Wanyiha, Wandali, Wanyamwanga na wageni wapitao Tunduma, mtoto akimwita mwenzake shuleni kwa jina la mdudu au la mnyama kwa ajili ya kabila lake, hapana kosa la kupelekwa polisi. Mwalimu amwite kando, amwulize kwa upole jina hilo alilisikia kwa nani. Kisha aende akabishe hodi katika nyumba hiyo.