Aina za Bakteria Wasababishao Mnyauko wa Viazi Mviringo

Mnyauko bakteria wa viazi mviringo husababishwa na kundi la bakteria liitwalo Ralstonia solanacearum, lililoelezwa kisayansi na Erwin F. Smith mwaka 1896. Bakteria hao huingia kupitia majeraha ya mizizi, huzaliana ndani ya mishipa ipitishayo maji na kuiziba kwa ute. Mmea hunyauka ukiwa bado na majani mabichi.

Mwaka 2014 kundi hilo liligawanywa katika spishi tatu. Utambuzi wa aina hizi una maana kwa mkulima. Aina nyingi hustawi penye joto, lakini ile ijulikanayo kama IIB-1, yenye asili ya Amerika ya Kusini, huvumilia baridi ya nyanda za juu, nayo imethibitishwa katika mashamba ya viazi ya Kenya. Hatari yake kubwa ni kujificha: penye baridi, kiazi kilichoambukizwa huweza kuonekana kizima, kikateuliwa kuwa mbegu, kisha kikaeneza ugonjwa katika shamba lenye joto zaidi.

Kwa hiyo, kuteua mbegu kwa macho hakutoshi. Kwa kuwa hakuna dawa ya kuuponya mmea ulioambukizwa, kinga ya msingi ni mbegu zilizopimwa na kilimo cha mzunguko kisichohusisha nyanya wala biringanya.