Kweli au uongo: Unayoyaamini kuhusu matapeli wa simu

Kila mwenye simu ana kisa chake cha tapeli, na kila kisa kinakuja na ushauri. Usipokee namba ngeni. Angalia makosa ya tahajia. Namba ya siri usimtajie mtu. Ushauri mwingine ni mzuri, mwingine umepitwa na wakati, na upo ule unaomfanya mtu apigwe huku akijiona yuko macho. Tuuchambue.

"Wanaopigwa ni wazee, washamba na wasiosoma."

UONGO. Chukua ujumbe unaojulikana kuliko wote Tanzania: "Ile pesa itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Hauna kichwa wala miguu. Hausemi ni pesa gani, kiasi gani, ya kazi gani, wala anayeidai ni nani. Ukikukuta umekaa kwa kinyozi, hudaiwi na mtu, utacheka na kuufuta. Lakini hukutumiwa wewe peke yako. Umesambazwa kwa namba nyingi mfululizo, na miongoni mwa waliopokea yupo aliyetoka kuongea na fundi sasa hivi kuhusu malipo ya mwisho ya geti. Mwingine amemwahidi mwenye nyumba kwamba kodi itaingia leo kabla ya jioni. Mwingine ana mdogo wake chuoni anayesubiri hela ya hosteli. Hao ujumbe unawakuta pesa wanazo, na namba ya kutumia ndiyo waliyokuwa wakiingojea. Palipoachwa wazi wanapajaza wenyewe.

Tazama pia kile kipande cha "jina litakuja la fulani." Kampuni za simu ziliweka hatua ya kuonesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha muamala, ili ukiona jina geni usite. Tapeli ameshaivuka hatua hiyo mapema. Amekutajia jina geni kabla hujaliona, kwa hiyo likitokea kwenye skrini unaona mambo yako sawa: si ndilo alilosema?

Hapo shahada haisaidii kitu. Mhasibu anayefunga mahesabu ya kampuni nzima anaweza kutuma, kwa sababu kweli alikuwa anadaiwa na kweli alikuwa na haraka. Kinga yake ni moja na haina utaalamu wowote: mpigie anayekudai au anayesubiri pesa yako kwa namba uliyoihifadhi siku zote, si kwa namba iliyoleta ujumbe. Tanzania kuna kampeni ya kuelimisha umma iliyopewa jina SITAPELIKI. Jina linavutia, ila nisingependa mtu alivae kama sifa yake. Aliyejihakikishia kwamba hatapeliki ndiye asiyeona haja ya kupiga simu kuuliza.

"Utamjua tapeli kwa Kiswahili chake kibovu."

UONGO, na huu una hasara mara mbili. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliuliza swali ambalo wengi hatukulifikiria: kwa nini matapeli wa barua pepe waendelee kujitambulisha kwamba wako Nigeria, wakati dunia nzima imeshaisikia hadithi hiyo? Jibu lake ni la kihesabu. Kutuma ujumbe ni rahisi, lakini kumshughulikia kila anayejibu kunakula muda. Hadithi ya ajabuajabu inawaondoa wenye mashaka mwanzoni kabisa, wanabaki wale walio tayari kuamini. Upuuzi wa ujumbe ndio chujio.

Kwa kipimo hicho utaelewa zile meseji za kukaribishwa Freemason upate gari na nyumba ndani ya siku chache. Anayepiga ile namba ameshajichagua mwenyewe. Kinachofuata ni ada ya fomu, kisha ya kitambulisho, kisha ya pete, kisha ya kusafirisha "mzigo", na kila malipo yanaelezwa kuwa ya mwisho. Freemason hawaandikishi wanachama kwa meseji, lakini hilo kwa aliyeshalipia fomu linakuwa limechelewa.

Upande wa pili wa hasara ni kwamba siku hizi kuna programu za akili bandia zinazoandika Kiswahili sanifu kuliko barua nyingi za ofisini. Anayesubiri makosa ya tahajia ndipo ashtuke atasubiri sana.

"Ukipokea simu ya namba usiyoijua, pesa zinahama."

UONGO. Kupokea simu hakumpi mtu ruhusa ya kuingia kwenye akaunti yako. Kinachofuata baada ya "haloo" ndicho chenye hatari. Uvumi wa aina hii ni wa siku nyingi. Mwaka 2004 Nigeria watu waliambiana kwamba kuna namba ukizipokea unakufa hapohapo, na uvumi unaofanana na huo umezunguka Afrika mara kadhaa tangu hapo.

Iliyo kweli ni hii: ukikuta simu ya nje ya nchi iliyolia mara moja ikakatika, usiipigie. Inawezekana ni namba ya kutoza bei ya juu, na kila dakika unayosikiliza muziki ni salio lako linaloyeyuka.

"Amenitaja kwa majina yangu matatu, basi ametoka kwenye kampuni."

UONGO. Anza kutuma shilingi 1,000 kwenye namba yoyote, jina la mwenyewe litajitokeza kabla hujathibitisha. Ghairi, umeshalipata bila kutoa hata senti. Kuna njia ya kizamani zaidi. Nenda kwa wakala yeyote uangalie daftari lililo wazi juu ya meza: jina, namba ya simu, kiasi, saini, mstari kwa mstari, wateja wa wiki nzima. Anayesubiri chenji ya vocha ana nafasi ya kulisoma kutoka upande wa pili. Ndiyo maana tapeli anaweza kukuambia, "Ndugu mteja, jana ulitoa laki mbili pale kwa wakala," ukaona huyo ana mtambo mbele yake.

Tanzania huduma kwa wateja ya mitandao ni 100. Kenya, Safaricom imekuwa ikirudia kwamba inawapigia wateja kwa 0722 000 000 tu. Anayekupigia kwa namba nyingine akijiita mtoa huduma, kata. Ukibaki na wasiwasi kwamba laini yako kweli ina tatizo, piga wewe.

"Namba yangu ya siri hakuna aijuaye, kwa hiyo niko salama."

NUSU KWELI, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaliza watu siku hizi. Namba ya siri bado ni mlango mkuu. Lakini tapeli mjanja haiombi, maana anajua umeshaonywa. Anaomba kitu ambacho hujaonywa.

Mfano ni tarakimu sita za WhatsApp. Anakuandikia akitumia akaunti ya rafiki yako, ambaye ameshaporwa tayari: "Samahani, kuna namba nimeituma kwako kwa bahati mbaya, hebu nitumie." Zile tarakimu ndizo zinazohamisha WhatsApp yako kwenda kwenye simu yake. Dakika chache baadaye shangazi, bosi na kikundi kizima cha harusi wanaombwa mkopo wa haraka kwa jina lako na picha yako. Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Fanya hivyo leo kabla hujalala.

Mfano wa pili: anakuelekeza ubonyeze *21* kisha namba fulani na alama ya reli "ili kuhakiki laini." Huko si kuhakiki. Ni amri ya kuelekeza simu zako zote kwenye namba hiyo, pamoja na simu zinazosoma namba za uthibitisho kwa sauti. Kama umeshaibonyeza, ##21# huifuta.

Wa tatu ni kuhamishiwa laini. Kenya, mji mdogo wa Mulot, mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, umejulikana nchi nzima kwa kazi hiyo, na makachero wa idara ya upelelezi wa jinai, DCI, wamekamata vijana huko mara nyingi. Wanakusanya kwanza namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, maelezo ambayo huulizwa mtu anapobadilishiwa namba ya siri, ndipo wanaisajili laini yako upya kwenye kadi nyingine. Dalili yake ni kimya: mtandao unakatika ghafla kwako wakati aliye jirani nawe anaongea na simu kama kawaida. Ukiona hivyo usingoje mtandao "urudi." Azima simu, piga huduma kwa wateja.

"Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, tapeli atapatikana tu."

UONGO, ingawa ningependa uwe kweli. Tanzania ilianza usajili wa alama za vidole Mei 2019, na baada ya kuongezwa muda, laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Ulaghai haukuzimika pamoja nazo. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimeendelea kuorodhesha namba zilizotumika kutapeli kila robo ya mwaka, mikoa ya Rukwa na Morogoro ikitajwa mara kwa mara kuwa juu.

Laini hizo zinatoka wapi? Nyingine zimenunuliwa kwa vijana waliohongwa hela ndogo. Nyingine zimesajiliwa mbele ya macho ya mwenye kidole. Umekwenda kusajili laini moja chini ya mwavuli wa barabarani, kijana anakwambia, "Mama, haijashika, weka tena." Unaweka. "Bado, jaribu hiki kingine." Unaondoka na laini moja, ya pili inaweza kuwa imebaki mfukoni kwake kwa jina lako, na siku polisi wakiifuatilia watafika kwako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ukaifutie usajili kwenye duka la mtandao husika.

"Meseji imeingia, basi pesa imeingia."

UONGO. Muuza duka anafungasha mchele, mteja anamwonesha simu, meseji inasoma kila kitu sawasawa. Meseji ni maneno, na mtu yeyote huweza kuyaandika. Pesa iko kwenye salio. Angalia salio kwenye simu yako, hata kama foleni inanung'unika.

Vivyo hivyo kwa yule anayepiga akilia kwamba amekosea namba, pesa ya hospitali imekuja kwako, umrudishie. Usirushe chochote kwa mkono wako. Mwambie apige kwenye kampuni aombe muamala urejeshwe. Hata kama pesa imeingia kweli, ukimtumia wewe na kampuni nayo ikamrejeshea, umelipa mara mbili.

"Mimi nimeshalipwa, kwa hiyo mpango ni halali."

UONGO, na malipo hayo ya kwanza ndiyo chambo. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwaka 2009 wanaikumbuka DECI: unapanda mbegu, unavuna zaidi ya ulichopanda. Waliotangulia walivuna kweli, wakawaita ndugu na waumini wenzao, mpaka serikali ilipoingilia na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Pesa ya mavuno ilikuwa ya waliokuja nyuma, hakuna shamba. Mwaka 2025 polisi wa Tanzania walikamata watu waliohusishwa na LBL, mpango wa mtandaoni, na kilichobadilika ni kwamba safari hii foleni ilikuwa ndani ya simu. Zile kazi za kupenda video kwa malipo nazo ziko hivyo: unalipwa elfu tatu, elfu tano, halafu unaambiwa uweke laki moja upande daraja.

Kwa mikopo, angalia leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali chake. Na mkopeshaji anayedai umtumie ada kwanza ndipo akukopeshe, huyo anakopa kwako.

"Ukishatuma, imetoka hiyo."

SI LAZIMA, ila saa inakimbia. Kampuni inaweza kuzuia pesa kama bado haijatolewa kwa wakala, na matapeli huitoa ndani ya dakika chache. Tanzania piga 100 papo hapo. Kwa M-Pesa ya Kenya, tuma ujumbe wa muamala kwenda 456. Baada ya hapo nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, na namba ya tapeli iripoti kupitia 15040 kwa Tanzania au 333 kwa wateja wa Safaricom. Sheria zipo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 Tanzania, na ya mwaka 2018 Kenya. Kinachozikwamisha mara nyingi ni aibu. Watu wananyamaza nyumbani, kazini, hata kwa mume au mke, na tapeli anapata siku nyingine ya kazi kwa laini ileile.

Usijitangaze mtandaoni kwamba umeibiwa ukaacha namba yako hapo. Atatokea mtu mpole, anajiita ofisa wa kitengo cha makosa ya mtandao au mtaalamu wa kufuatilia pesa, na atasema zako ameziona, zimebakiza ada ndogo tu ya kuzifungulia. Polisi hawatozi ada ya kukurudishia pesa iliyoibwa. Huyo mkatie, na namba yake nayo ipeleke 15040.