Jenga Nyumba Kwanza, Ndipo Ulete Samaki

Huenda jambo hili limekwisha kutokea nyumbani kwako. Mwanao anayesoma mjini amerudi likizo. Mkononi ana chupa ya plastiki, na ndani yake samaki mmoja mdogo, mwekundu kama kaa la moto. Watoto wa majirani wote waja kutazama. Samaki atiwa katika bakuli la kioo, bakuli lawekwa mezani, na kila mtu amtupia chembe ya ugali apate kumwona akila. Siku ya nne maji yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Siku ya saba samaki aelea, tumbo juu. Mtoto alia, na wakubwa wasema: "Samaki hawa wa mjini ni dhaifu."

Sivyo. Samaki yule hakuwa dhaifu. Nyumba yake ndiyo iliyomwua.

Samaki hana choo nje ya nyumba. Ala, apumua na kujisaidia katika maji yale yale. Katika matamvua yake hutoka sumu iitwayo amonia, na mabaki ya chakula yakioza huongeza sumu hiyo hiyo. Ziwani amonia hupotea katika maji mengi. Katika bakuli la lita tatu haina pa kwenda, humrudia mwenyewe. Tena haionekani: maji yaweza kuwa maangavu kabisa, na huku samaki anaungua matamvua. Huko Italia, mji wa Monza ulipiga marufuku mwaka 2004 kufuga samaki katika mabakuli ya mviringo, na mji wa Roma ukafuata mwaka 2005.

Basi, kabla ya kununua, wajue wageni wako. Madukani utaonyeshwa hasa wa namna mbili.

Wa kwanza ni samaki dhahabu. Asili yake ni China, ambako watu wamemfuga kwa zaidi ya miaka 1,000. Dukani ni mdogo kama kidole, lakini yule wa kawaida, mwenye mkia mmoja, aweza kufika urefu wa sentimeta 30, na akitunzwa vema huishi miaka 10, hata 20. Huko Uingereza samaki mmoja aliyeitwa Tish alipatikana kama zawadi ya mchezo mwaka 1956, akafa mwaka 1999, mwenye umri wa miaka 43! Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu atakaa miaka mingi, wala jembe hatashika.

Wa pili ni beta, mwenye mapezi marefu kama kanga inayopeperushwa na upepo. Kwao ni Thailand, katika mitaro, vinamasi na majaruba ya mpunga. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Beta ana kiungo kichwani kimwezeshacho kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi. Ndiyo sababu wauzaji humweka katika gilasi, naye hafi upesi. Lakini kuvumilia si kustarehe. Jaruba lina maji haba kwenda chini, ila ni pana sana. Tena madume wawili wakiwekwa pamoja hupigana mpaka kuumizana vibaya. Dume mmoja, nyumba moja.

Sasa tupime nyumba kwa kipimo tunachokijua sote, yaani debe, ambalo huchukua lita 18 hadi 20. Beta mmoja apewe maji yasiyopungua debe moja. Samaki dhahabu mmoja wa aina fupi nene, mwenye mikia miwili, apewe madebe manne, na kwa kila mwenzake ongeza mawili. Yule mrefu wa mkia mmoja hafai mezani kabisa. Yeye ni wa birika la saruji au bwawa. Chagua chombo kipana kuliko kirefu, kwa kuwa hewa huingia majini kwa juu. Kumbuka pia kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Madebe manne ni kama kilo 80, basi meza iwe imara.

Si lazima kioo. Ndoo kubwa ya plastiki au pipa la plastiki lililokatwa vyafaa, mradi havikuwahi kutiwa mafuta ya taa wala dawa ya shamba. Usitumie chombo cha bati au cha shaba, kwa maana madini hayo hudhuru samaki. Birika jipya la saruji lijazwe maji na kumwagwa mara nyingi, kwa muda wa majuma kadhaa, kabla ya kutia samaki. Liwe kivulini, lifunikwe wavu imara. Wavu huzuia paka na ndege, huzuia beta asiruke nje, na zaidi ya yote huwakinga watoto wadogo wasije wakatumbukia.

Tazama pia hali ya hewa ya kwenu. Beta hupenda joto la nyuzi 24 hadi 28. Pwani, kama Tanga au Mombasa, atakuwa kama yuko kwao. Nyanda za baridi, kama Njombe, usiku utamdhoofisha. Samaki dhahabu ni kinyume chake: hupenda ubaridi, kwa kuwa maji ya moto hushika hewa kidogo. Anayekaa pwani ampe maji mengi zaidi na kivuli kizito.

Nyumba ikiwa tayari, usiharakishe. Wako vijidudu wema wasioonekana, ambao hugeuza amonia kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Huota juu ya mawe na katika chujio, nao huchukua majuma manne hadi sita kuenea. Tia maji na mawe, na kila siku tupa chembe ndogo ya chakula ioze, kusudi wapate riziki yao. Kabla samaki hajaingia, badili sehemu kubwa ya maji. Akiisha kuingia, badili robo ya maji kila juma, wala usisugue chombo kwa sabuni. Maji ya bomba yenye klorini yaache katika ndoo wazi usiku na mchana. Chakula kiwe kile anachokimaliza kwa dakika mbili tu. Viluwiluwi vya mbu avipenda sana, na hapo nawe umepata faida.

Je, ukichoka naye? Usimtupe mtoni wala ziwani. Huko Burnsville, katika jimbo la Minnesota, Marekani, mwaka 2021 wenye mji waliwasihi watu waache jambo hilo, kwa kuwa samaki dhahabu waliotupwa walikuwa wakubwa mno na kuchafua maji kwa kuchimbua matope. Mpe jirani mwenye birika.

Ninyi wazazi, huenda mwasema kazi hii ni kubwa kwa samaki wa kutazamwa tu. Basi, msimnunue. Hilo nalo ni jibu la haki. Lakini mtoto akiendelea kumwomba, mpeni jembe na saruji, ajenge birika kwanza, angoje majuma sita, achote maji kila juma. Akikubali, mleteeni samaki. Akikataa, mmeokoa fedha zenu na uhai wa kiumbe kisichoweza kulia kikasikika.