Uingizaji wa mrija wa hewa kupitia pua

Uingizaji wa mrija wa hewa kupitia pua ni njia ya kumwezesha mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi kupumua wakati wa upasuaji. Mrija hupitishwa katika tundu la pua na kushuka nyuma ya koo hadi kwenye trakea, yaani njia ya hewa iendayo mapafuni. Tatizo lake la kawaida zaidi ni kutokwa na damu puani.

Matumizi

Njia hii hutumika hasa katika upasuaji wa kinywa, meno na taya, ambapo mrija ukipita mdomoni ungemzuia daktari kufanya kazi. Jijini Dar es Salaam upasuaji wa aina hiyo hufanyika katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, iliyoko Upanga, wilaya ya Ilala, wilaya ileile yenye kata za Gerezani na Kariakoo. Wagonjwa wake ni pamoja na waliovunjika taya katika ajali za barabarani, zikiwemo za bodaboda, na wenye ameloblastoma, ambayo ni uvimbe wa taya.

Njia hii iliendelezwa na Ivan Magill na Stanley Rowbotham nchini Uingereza, walipowahudumia askari waliojeruhiwa usoni katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Sababu za damu kutoka

Ndani ya pua kuna utando mwembamba wenye mishipa mingi midogo ya damu, hasa sehemu ya mbele ya ukuta unaotenganisha matundu mawili. Mrija mgumu au mnene huukwaruza. Mara nyingi damu huwa kidogo na hukoma yenyewe. Ikiwa nyingi, huziba mwonekano wa koo wakati ambapo mgonjwa hawezi kupumua mwenyewe, na inaweza kuingia mapafuni.

Kinga

Kabla ya upasuaji mgonjwa huulizwa kama hutokwa na damu puani au hutumia dawa zinazozuia damu kuganda. Mtaalamu wa usingizi huchagua tundu lililo wazi zaidi, kisha:

* hutia dawa inayobana mishipa ya damu, kama oksimetazolini, na kuisubiri ifanye kazi; tahadhari huhitajika kwa watoto na wenye shinikizo la juu la damu;
* huchagua mrija mwembamba unaotosha;
* hulainisha mrija kwa kuuweka katika maji safi ya moto, kisha huupaka jeli;
* hufunika ncha yake kwa mpira laini, unaoondolewa mrija ukishapita pua;
* huusukuma taratibu kufuata sakafu ya pua, bila kutumia nguvu.

Mtu aliyevunjika sehemu ya chini ya fuvu kwa kawaida haingizwi mrija puani.

Damu ikitoka

Damu hufyonzwa kwa mashine na mrija huingizwa mapema kwenye trakea. Puto lililo karibu na ncha ya mrija hujazwa hewa ili damu isifike mapafuni. Kuuchomoa mrija kwa haraka si vizuri, kwa kuwa ukiwa puani hukandamiza mishipa iliyojeruhiwa.