Tuangalie mshono kabla ya rangi

Wamama, juma lililopita bawaba ya mlango wa depo yetu ilikatika. Kidogo tu mlango umwangukie mtoto. Tuliangalia pale palipovunjika. Fundi alichomelea juu ya rangi na kutu, kwa hiyo chuma hakikushikana ndani. Tena palijaa vitundu kama mkate: bageti zenye unyevu huleta vile.

Fundi mwingine tulimwomba akwangue mpaka chuma king'ae, afute mafuta, na pale chuma ni kinene achonge kingo ili moto ufike chini. Alipomaliza aligonga maganda yote, tukaona mshono wenyewe. Yule wa kwanza alituambia rangi itafunika, nasi tukamlipa! Mlango umerudishwa Ijumaa, rangi bado.