Bei ya Vita: Mfalme Alipohitaji Fedha, Nani Alilipa Zaidi?

Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa, vilivyoanza mwaka 1337, vilimeza fedha kila kulipokucha. Mpiga upinde mwenye farasi alilipwa peni 6 kwa siku, askari wa deraya peni 12, yaani shilingi 1. Kibarua wa shambani alipata kama peni 3 au 4. Wafalme walikuwa na njia kadhaa za kuzipata fedha hizo, na uzito wake kwa mnyonge haukulingana hata kidogo.

Mkopo ulikuwa nafuu kwa Mwingereza. Mfalme Edward III wa Uingereza alikopa kwa mabenki ya Florence, akashindwa kulipa. Benki ya Peruzzi ikafilisika 1343, ya Bardi 1346. Aliyelia ni Mtaliano aliyeweka akiba yake humo.

Ushuru wa sufu ulipanda kutoka shilingi 6 na peni 8 kwa gunia mwaka 1275 hadi shilingi 40 na zaidi wakati wa vita. Mfanyabiashara aliushusha mgongoni kwake: mfugaji akalipwa kidogo, mfumaji wa Flanders akauziwa ghali. Lakini vitambaa vilitozwa ushuru mdogo sana, hivyo mfumaji wa Uingereza akapata sufu kwa bei ambayo mshindani wake ng'ambo hakuiona. Katika karne ya 15, vitambaa vilichukua nafasi ya sufu ghafi katika biashara ya nje ya nchi hiyo. Ushuru uliumiza, ila ulizaa kazi.

Kodi ya kichwa haikuzaa chochote. Mwaka 1377 ilikuwa peni 4. Mwishoni mwa 1380 Bunge likaifikisha peni 12 kwa kila aliyezidi miaka 15. Baba, mama na binti mkubwa: shilingi 3, ujira wa kibarua wa zaidi ya wiki nzima. Matajiri walitakiwa kuwabeba maskini wa kijiji chao, lakini kijiji kisicho na tajiri kilibebwa na nani? Watu wakajificha. Walioandikishwa walishuka kutoka takriban milioni 1.36 hadi chini ya 900,000, na Juni 1381 wakulima wa Essex na Kent wakaingia London kwa hasira. Naona walikuwa na haki ya kukasirika.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, ghali kuliko zote ni njia ya Ufaransa. Mfalme Jean II alitekwa Poitiers mwaka 1356, na mwaka 1360 fidia yake ikapangwa kuwa sarafu milioni 3 za dhahabu za Ufaransa, ziitwazo écu. Ili kuilipa, bidhaa zilitozwa sehemu 1 ya 20 ya bei, divai 1 ya 13, chumvi 1 ya 5. Kodi ya kichwa ungeweza kuikimbia. Chumvi hakuna jiko lisiloihitaji. Jean alifariki London mwaka 1364, sehemu kubwa ya fidia ikiwa bado haijalipwa, na kodi hizo zikaendelea kutozwa.